Salfa, Sukari na Sikio la Kulia

Kama umeamka leo sikio moja limeziba, nawe unajiambia ni nta, au maji ya kuoga, au mafua yatakayopita, naomba uache kusoma hapa uende kwanza ukamwone daktari. Ukirudi utanikuta. Mimi nilingoja miezi saba. Kungoja kwangu kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ujinga wa aina ambayo ungeweza kuipata kwetu Newala tu, kwa watu wa korosho.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Nilizaliwa Masasi, katika ukoo wa Waanglikana wa tangu enzi za misheni, nikaolewa Mkunya, huko Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, kwa mkulima ninayemwita Baba Hilda, kwa jina la binti yetu. Kimakonde sikuzaliwa nacho. Nilikipata kwa masikio, jikoni kwa mama mkwe na shambani kwa mume wangu, wala sijawahi kukiona kimeandikwa hata mstari mmoja. Hili la masikio uliweke akilini.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi walianza kupanda mlima na magari yao, maduka ya Newala yakajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia redioni tu, na Baba Hilda akanunua mashine yake mwenyewe ya kupulizia mikorosho. Zamani mashine ilikuwa ya kuazimana, na ikikufikia maua yameshaharibika. Kwa asiyejua kazi hii: mkorosho ukichanua hushikwa na ubwiri unga, ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajawa korosho. Dawa yake ni salfa, unga wa njano, unaopulizwa kwa mashine ya mgongoni alfajiri, umande ungalipo majanini ili unga ushike. Mashine ile inanguruma kiasi kwamba mtu wa shamba la tatu anajua umefika mti gani.

Baba Hilda ana tabia moja niliyomtania tangu tuoane. Anazungumza na mikorosho yake, tena kwa Kimakonde, kwa heshima zote. Kuna mmoja mkubwa uliooteshwa kwa mbegu ambayo bibi yake aliitoa Chilangala. Huo anauamkia shikamoo. Nilikuwa namuuliza kama unaitikia marahaba, naye ananijibu, "Wewe mwalimu husikii vizuri." Tulikuwa tunacheka. Hatukujua.

Mwezi Juni mwaka ule nilikwenda kumsaidia kujaza salfa kwenye mashine. Upepo ukageuka, unga ukanijaa usoni, kichwani, masikioni. Niliosha kwa maji ya kikombe, maana kwetu maji ni ya kubana, nikaenda shule. Siku ya nne yake nilikuwa nimesimama ubaoni naandika "ba, be, bi," watoto wanaitikia nyuma yangu, mara upande wa kushoto wa darasa ukanyamaza. Niligeuka nione kwa nini hawasomi. Midomo yote ilikuwa inasoma.

Jioni yake ngurumo ikaanza ndani ya sikio hilo la kushoto. Nasema ngurumo, na nakuapia, ilikuwa sauti ya mashine ya Baba Hilda, ile ile, iliyo mbali kidogo, isiyozimwa. Baada ya siku tatu nyumba ikazunguka. Nilishika miguu ya kitanda nikiwa chini sakafuni, nikatapika mpaka nikabaki natapika mate. Sijui kama umewahi kushika sakafu isikutupe. Mimi nimewahi.

Kizunguzungu kilipotulia nikamtazama mume wangu aliyekuwa amenishikia beseni, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka uso unanipata moto. "Ni salfa yako. Mashine yako imeniua sikio."

Alitoka, akaifunga mashine kwenye gunia, akaitundika kwenye dari ya ghala. Zilikuwa zimebaki awamu tatu za kupuliza.

Unaona sasa kosa langu lilivyokaa. Kila kitu kililingana: unga uliingia sikioni, sikio likafa, na ndani yake ikabaki sauti ya mashine. Mtu wa pwani angefikiria malaria, mtu wa mjini angekwenda hospitali. Mimi mke wa mkulima wa korosho nilijipa ugonjwa na dawa yake: salfa iliingia, itatoka. Nikawa naweka mafuta ya nazi ya uvuguvugu yaliyopikwa na kitunguu saumu, nalalia ubavu, nangoja unga wa njano utoke. Kila asubuhi nilitazama kitambaa changu. Hakikutoka kitu.

Agosti mikorosho ya majirani ilichanua ikapendeza. Yetu iliota ukungu mweupe, maua yakakauka yakawa meusi, yakadondoka. Nilipita chini yake nikienda shule, sikusema lolote, na Baba Hilda hakusema lolote. Siyo kwangu wala kwa mikorosho. Nyumba ambayo mtu mmoja hasikii inahitaji maneno mengi kuliko nyingine, na yetu ilikuwa imeishiwa. Hilda alikuwa shule ya bweni, akirudi likizo anatutazama kwa zamu kama anayeangalia wageni.

Halafu salamu. Kwetu mtoto akikupita bila shikamoo utamuuliza mama yake nani, na mkubwa asiyeitikia marahaba anaonekana amekosa adabu zaidi. Mimi watu walikuwa wananiamkia kutoka kushoto, nami napita tu. Haikuchukua muda, mtaani wakaanza kusema mwalimu siku hizi anaringa, amepata nini. Aliyeniokoa ni wifi yangu Tekla, dada yake Baba Hilda, mwanamke wa maneno makali na mkono laini. Tukienda sokoni alitembea kushotoni kwangu amenishika kiganja. Akinibana mara moja naitika "Marahaba," akibana mara mbili nasema "Salama, za kwenu?" bila hata kugeuka. Siku moja alinibana mara moja kwa ajili ya mbuzi. Niliitika kwa sauti, soko likacheka, nami nikacheka mpaka machozi, kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Desemba mvua zilianza. Newala kila mtu anaijua mvua kwa masikio, kwa sababu maji yetu yanatoka juu ya bati. Ukisikia matone ya kwanza unakimbilia mifereji, unafungua mdomo wa kisima cha uani, kwani kilichopotea hapo utakifuata bondeni kwa kichwa na shingo. Siku moja ya Januari nilikuwa nimekaa barazani nachambua mboga. Nikamwona Tekla anakimbia na ndoo, mdomo wazi, ananipigia kelele. Nikatazama uani. Mvua ilikuwa inashuka nzito, bati linaruka matone, mfereji umechomoka maji yanamwagika mchangani, nami nilikuwa nimekaa chini ya bati lile lile katika ukimya mtupu.

Sikio la kulia lilikuwa linaondoka.

Tekla alinikalisha, akanishika mashavu ili niuone mdomo wake, akasema polepole kwa Kiswahili: "Wifi. Kaka yangu hali. Halali. Anasema amekuua. Nendeni hospitali, mkafe mkijua."

Sikucheka. Kesho yake mimi na Baba Hilda tuliteremka hospitali ya Masasi.

Nataka nikueleze kuhusu chumba cha kungojea, maana pale ndipo utakapokaa zaidi kuliko mahali pengine popote. Daktari wa masikio hakuwa wa pale. Alikuwa anapita kwa siku chache kisha anakwenda kwingine, na sisi wa masikio tulijaa benchi mbili ndefu na ukuta wa nje. Muuguzi alikuwa anatokea mlangoni, anasoma jina kwenye kadi, anangoja kidogo, anasoma jingine. Fikiria hilo. Benchi mbili za viziwi, na wanaitwa kwa mdomo. Siku ya kwanza jina langu liliitwa likapita, kwani Baba Hilda alikuwa amekwenda kunitafutia chai. Aliporudi akaambiwa zamu yangu imepita saa nzima. Hakugomba. Alikaa kando yangu, na siku mbili zilizofuata hakuondoka pale hata kwenda kula.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Ruvuma, haisikii dunia kabisa, na ndiye aliyekuwa mchangamfu kuliko wote. Alikuwa amekwishajua muuguzi akivuta pumzi anaita jina refu. Alinigusa goti, akanionyesha kwa vidole kwamba nisitazame mdomo wa muuguzi, nitazame watu wenye masikio mazima, vichwa vyao vinageukia wapi. Ukiona vinakugeukia wewe, simama. Siku ya tatu vichwa viligeuka. Nilisimama kabla Baba Hilda hajaniinua. Yule mama alipiga makofi.

Daktari alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitazama ndani ya masikio yangu kwa taa, muda mrefu. Akagonga chuma chenye vidole viwili, akanisimamishia kwenye paji la uso, akaniuliza kwa mkono nasikia upande gani. Nilisikia uzi mwembamba sana upande wa kulia. Kushoto hakuna. Baba Hilda, aliyesimama nyuma yangu, akaanza kueleza. Nilijua anaeleza salfa, nilimwona kwenye kioo cha kabati mikono yake ikipuliza mti.

Daktari aliinua kiganja, akachukua fomu, akaigeuza nyuma kusiko na maandishi. Akaandika kwa herufi kubwa, kama ninavyowaandikia darasa la kwanza:

SALFA HAIKUUA SIKIO LAKO. NGOMA YA SIKIO NI NZIMA.

Kisha akachora konokono. Akaandika kwamba konokono huyu yumo ndani ya kichwa cha kila mtu, ndani kabisa kuliko unga wowote unavyoweza kufika. Ndani ya konokono kuna seli ndogo zenye vinywele, zinazotikisika sauti ikija. Kila seli imevikwa utando wa mafuta, na kwenye mafuta hayo zimening'inia sukari, nje, kama alama. Jina lake aliliandika pembeni, glikolipidi, kisha akaona uso wangu akalikata kwa mstari. Chini yake akaongeza: NYINGINE ZINA SALFA.

Nilisoma mara mbili. Nikaweka kidole juu ya neno lile nikamtazama. Akatikisa kichwa kukubali, akaandika: HIYO ULIUMBWA NAYO.

Sijui nitakuambiaje nilichohisi. Nilikuwa nimekuja kusikia hukumu, na kwa dakika nzima nilisahau kama ninaumwa. Mafuta, sukari na salfa. Vitu vya jikoni na vya ghalani. Kwa ngozi ile ambayo jicho haliwezi kuiona ndiyo nilimsikia mama yangu akiniita Masasi, nikasikia Hilda akilia mara ya kwanza, nikasikia watoto mia na mia wakisema "ba, be, bi". Nilikuwa nimebeba kitu kile miaka yote bila kukishukuru hata siku moja. Nilijishika sikio kwa uangalifu, kama linaweza kumwagika.

Aliendelea kuandika. Kinga ya mwili wangu, alisema, huenda imezisahau alama zile, ikawaona watu wa nyumbani kuwa ni adui, inawapiga. Aliandika HUENDA na kulipigia mstari. Hapakuwa na kipimo cha kuthibitisha, pale wala karibu na pale. Kushoto tumechelewa. Kulia, dawa ndiyo itakayotuambia: nikipata nafuu, tutajua. Nisipopata, basi.

Baba Hilda aliiomba fomu ile. Anasoma polepole, kwa kidole chini ya maneno. Alifika mwisho, akarudi juu, sentensi ya kwanza, akaisoma tena. Halafu akaiweka mezani akatoka.

Nilimkuta uani kwenye bomba la hospitali. Alikuwa ameinama amenipa mgongo, na bomba liko wazi, maji yanamwagika chini, yanapita kwenye viatu vyake, yanakwenda zao. Mtu wa Newala. Mtu ambaye nimemwona akitumia maji ya kunawia kumwagilia mche, na ya kuoshea mchele kuwapa kuku. Hapo ndipo nilipojua nilichomfanyia miezi saba. Nililifunga bomba, nikamshika bega nikamwambia, "Nisamehe, Baba Hilda." Uso wake ulikuwa umelowa, na maji ya bomba hayakuwa yamefika huko. Akasema kitu, sentensi mbili tatu, kwa Kimakonde. Kiswahili nilikuwa nimekwishajifunza kukisoma midomoni. Kimakonde sikuweza, kilikuwa kimeingilia masikioni tu. Nilimwomba arudie kwa Kiswahili. Akatikisa kichwa kukataa, akaenda kunichukulia dawa.

Nilirudi nyumbani na ombi moja tu. Sikuomba kusikia dunia. Niliomba nisikie tena Kimakonde cha mtu mmoja.

Dawa zilikuwa vidonge vidogo vyeupe, kumi na viwili kila asubuhi baada ya chakula, kwa wiki kadhaa, kisha kupunguza kidogo kidogo. Usije ukaviacha ghafla kwa sababu uchungu wake unakuchosha, daktari alinionya mara tatu na mimi nakuonya. Vitakugeuza. Uso wangu ulivimba ukawa mviringo kama chungu, shingo ikajaa, nikala ugali wa muhogo wa watu wawili na bado nikamfuata Tekla jikoni kwake. Nilikuwa nafoka bila sababu, nalia bila sababu. Shuleni watoto walinitazama kwa hofu, wakasema mwalimu amenona. Duka moja la dawa lililofunguliwa mjini, la mtu binafsi, lilikuwa navyo vilipoadimika kwingine, na hiyo naihesabu katika rehema za miaka ile, pamoja na mkono wa Tekla na yule mama wa Ruvuma.

Siku ya tisa nilisikia kijiko. Nilikuwa nakoroga uji, na kijiko kikagonga sufuria. Nilisimama nikakigonga tena. Nikagonga kikombe, nikagonga meza, nikagonga ukuta, nikatoka nje nikagonga kisima na kusikia kwamba kimefika nusu. Tekla alinikuta nagonga mlango wa choo. Alisema, nami nilimsikia kutoka mbali na kwa ndani sana, "Basi wifi, hakuna mtu humo."

Haikurudi yote. Ilirudi kwa vipande, inakuja inakwenda, Machi ikapungua tukarudi Masasi tukakaa tena benchi, dozi ikapandishwa, Mei ikatulia. Kushoto hapakurudi kitu, ila ile ngurumo, ambayo ninayo hata sasa ninapoandika. Nimeizoea. Kulia napata sauti za watu kama wako ng'ambo ya pazia zito, nikijitahidi.

Juni ikafika. Mikorosho ikaanza kutoa vichipukizi vya maua, na gunia bado limening'inia darini. Majirani walishaanza kupuliza. Siku tatu nilingoja Baba Hilda aseme tuiteremshe mashine. Alfajiri ya nne nilipanda ngazi mwenyewe, na uso wangu wa chungu na miguu inayotetemeka kwa dawa, nikaiteremsha mashine nikaiweka miguuni pake.

"Washa," nikamwambia.

"Itakuumiza."

"Ninayo mashine nyingine humu haijanizimikia mwaka mzima. Washa."

Tulikwenda shambani ukungu ukiwa bado mzito na umande unadondoka. Nilimjazia salfa kwa mikono yangu. Alivuta kamba, mashine ikanguruma, nami nilisimama kati ya ngurumo mbili, moja ya nje kulia na moja ya ndani kushoto, nikashindwa kujua ipi inaishia wapi. Unga wa njano ulipanda ukakaa kwenye majani. Niliutazama nikafikiri: na ndani yangu nawe umo, mdogo kuliko neno lenyewe, unanishikia sauti.

Tulipofika kwenye mkorosho wa Chilangala alizima mashine. Nilikuwa nyuma yake hatua tatu, nimeinama nafunga gunia, nimempa mgongo. Akaanza kuzungumza, kwa Kimakonde, kwa ile sauti yake ya chini ya kuuongelesha mti. Tangu mwaka jana alikuwa hajauongelesha. Hakuhadhari kitu, maana alikwishazoea kwamba bila midomo mimi sina nisikiacho.

"Shikamoo," aliuambia. "Nilikuacha mwaka jana, nisamehe. Na yeye usimchukie. Hakuwa yeye aliyesema yale. Alikuwa anaumwa. Nilimwambia hivyo kule hospitali, hakusikia."

Niliachia gunia. Sikugeuka, nilikuwa nalia na sikutaka aone. Nikamjibu hivyo hivyo nimempa mgongo, kwa Kimakonde changu kibovu cha mwalimu kutoka Masasi.

"Nimesikia."